Mwaka mzima nakarabati vifaa, rafu ya binti yangu haijaanza

Shikamoo Mzee wa Karakana,

Nina miaka 36 na kazi yangu ni ya kukaa ofisini nikihesabu fedha za watu. Miaka miwili iliyopita nilianza useremala wa nyumbani. Sifanyi biashara, napumzisha kichwa tu. Karakana yangu ni kona ya baraza: meza moja, taa moja na sanduku la babu.

Hilo sanduku ndilo lililonileta kwako. Babu alikuwa seremala, na alipofariki vitu vyake vilisahauliwa stoo miaka mingi. Nilipolifungua nilikuta randa ya chuma, patasi nne, msumeno wa mkono, nyundo yenye kichwa kinachocheza, tupa kadhaa zisizo na mipini, na jiliwa moja zito, lile la kubania kitu kisicheze, lililopoteza bolti ya taya. Vyote vimevaa kutu.

Kwa kuwa sikujua pa kuanzia, nilinunua seti mpya, lile sanduku la plastiki lenye vipande 108. Nilifurahi wiki moja. Bisibisi ya msalaba inaruka kwenye skrubu na kuila kichwa. Spana moja ilitanuka mdomo siku ya kwanza niliyoitumia. Nikarudi kwa vya babu. Nilichukua patasi nikainoa kwa mashine ya jirani, ile ya jiwe linalozunguka. Ilitoa cheche nyingi, ikang'aa, ncha ikageuka buluu. Tangu siku hiyo haishiki makali: nikikata mara kumi inakuwa butu kama kijiko. Jirani anasema chuma kimezeeka. Rafiki yangu mwingine anasema chuma cha zamani hakina mpinzani na kununua kipya ni ujinga. Bolti za jiliwa nimejaribu tano za unene uleule. Kila moja inaingia mizunguko miwili halafu inagoma.

Sasa mawazo yangu yamehamia kwenye mashine. Msumeno wa meza siumudu. Nimeona video ya mtu aliyefunga diski ya meno ya kukatia mbao kwenye grinda ndogo ya mkono, akaigeuza miguu juu chini ya ubao uliotobolewa, akapata msumeno wa meza. Grinda ninayo. Diski nimeshanunua.

La mwisho linanipa aibu. Binti yangu ana miaka saba, na mwaka jana nilimwahidi rafu ya vitabu. Mbao zipo, zimeegemea ukuta. Kila Jumamosi naamka nikisema leo naanza, kisha naona kifaa fulani hakiko sawa, na jua linazama nikiwa bado nahangaika na hicho kifaa. Juzi mke wangu alimwambia mgeni, "Baba watoto ni fundi wa vifaa vya ufundi." Wakacheka, nami nikacheka, ila liliniingia.

Ninunue vipya, nikarabati vya babu, au niunde vyangu mwenyewe?

Wako,
Mwenye Sanduku la Babu

*

Marahaba, mwanangu. Ile diski ya meno usiifunge. Umeitaja katikati ya barua lakini mimi naanza nayo, kwa sababu sijui jibu hili litakukuta siku gani, na ninyi watu wa Jumamosi nawajua.

Grinda ndogo, ile ya diski ya milimita 115, huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa umeme wa mkono, ule wa diski ya milimita 190, huzunguka takriban mara 5,000 tu. Chukua diski ya kawaida ya kukatia chuma usome maandishi yake. Ile ya milimita 115 huandikwa kikomo cha karibu mizunguko 13,300, na ile kubwa ya milimita 230 huandikwa 6,600 hivi. Ukipiga hesabu utaona zote mbili zinakomea pamoja: ukingo wa diski ukikimbia mita 80 kwa sekunde. Ukivuka hapo, diski ina haki ya kupasuka. Wapo wanaong'oa kinga ya grinda ndogo ili diski kubwa ienee. Hesabu yao unaiona mwenyewe.

Diski ya meno ina balaa la ziada. Jiwe husaga, jino hung'ata. Jino likikutana na kifundo, au mbao ikijibana nyuma ya diski, nguvu yote inageuka na kurudi kwa aliyeshika. Msumeno wa meza wa kweli una bapa la chuma nyuma ya diski linalozuia mbao isijibane, una kinga juu, na una swichi unayoweza kuipiga kwa goti. Cha kwenye video hakina hata kimoja, na mkono wako ndio unaosukuma mbao kuelekea kwenye meno. Irudishe diski ulikoinunua. Wasipoipokea, itengenezee mashine ya saa uitundike ukutani.

Mimi nina mpaka wangu katika mambo haya na haujanidanganya bado. Kifaa cha kushika, kuongoza au kugonga, nakiunda mwenyewe. Cha kukata nakarabati kwanza, nikishindwa nanunua. Kinachozungushwa na umeme nanunua kikiwa na kinga yake, la sivyo nakata kwa mkono.

Sasa turudi kwenye rafu, maana naona ndiyo barua yenyewe.

Rafu ya mtoto wa miaka saba ni mbao mbili za kusimama na tatu au nne za kulala. Mbao za kulala zinakaa kwenye mifereji uliyoikata kwa msumeno na kuifukua kwa patasi, zinatiwa gundi, zinabanwa, basi. Hebu hesabu: msumeno, patasi moja, randa, nyundo, skwea ya kupimia pembe mraba, tepu, penseli, na kitu cha kubania. Katika vipande 108 vya sanduku lako la plastiki, labda tepu ndiyo yenye kazi hapa. Na katika sanduku la babu, patasi tatu kati ya nne zinaweza kulala na kutu yake hadi mwakani bila rafu kuchelewa hata dakika moja. Wewe umekuwa ukikarabati sanduku zima. Chagua patasi moja, yenye upana unaolingana au kuzidiwa kidogo na unene wa mbao zako, uanze nayo.

Usianze na ile uliyoinoa. Lakini nikueleze imepatwa na nini, kwa sababu jirani yako kakudanganya bila kukusudia. Chuma hakizeeki. Hicho kimeungua.

Mhunzi anapotia maji chuma cha patasi hufanya kazi mbili. Kwanza hukipasha moto hadi kiwe chekundu na kiache kuvutwa na sumaku, jambo linalotokea kwenye nyuzijoto 770 hivi, akasogea juu kidogo, kisha akakizamisha ghafla, kwenye maji au mafuta kulingana na aina ya chuma. Hapo kinakuwa kigumu kupita kiasi, ukikiangusha sakafuni kinaweza kukatika kama kigae. Kwa hiyo anakipasha mara ya pili, polepole, safari hii nyuzijoto 200 na ushee tu, ili kilegee kidogo. Chuma kilichosafishwa huonyesha hatua hizo kwa rangi: kwanza rangi ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, na kwenye nyuzijoto 300 hivi, buluu. Makali ya mbao yanataka kukomea kwenye majani makavu. Buluu ni rangi ya springi, chuma cha kupinda na kurudi. Ncha ya patasi yako, kwa sekunde zile za cheche nzuri, iligeuzwa springi.

Kuifuta ile buluu kwa msasa hakusaidii kitu, rangi ni ya juu lakini ulegevu umeingia ndani. Itabidi usage chuma chenyewe hadi uvuke sehemu iliyoungua, pengine milimita tatu, pengine tano. Ukitumia tena mashine ya jirani, weka kopo la maji pembeni na uzamishe kila baada ya sekunde mbili tatu. Kipimajoto chako ni kidole: kiweke nyuma ya ncha kabisa, na kinapotaka kukimbia, zamisha. Mimi patasi yangu ya kwanza niliiunguza mara mbili, ya pili ikiwa ni katika kusahihisha ya kwanza.

Tuchukue sasa ile patasi nzuri. Kutu kwanza. Siki ya kawaida inatosha: simamisha bapa ndani ya chupa, mpini ubaki nje, uache usiku kucha. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, kausha pale pale kwa kitambaa, paka mafuta. Usipokausha mara moja utaona kutu mpya ya rangi ya chungwa inaota ukiitazama. Na usisahau kitu ndani ya siki. Niliwahi kuacha koleo wiki mbili, nikakuta siki imemaliza kutu ikaanza kula koleo.

Kisha mgongo. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndiyo maana wananoa kila siku bila kuona makali. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Ukinoa mteremko, yaani upande ulioinama, ukauacha mgongo, yaani upande ulio bapa, una vijishimo vya kutu, ukingo nao utakuwa na vijishimo vilevile. Tafuta kipande cha kioo kinene cha dirisha, kimelala sawa kuliko ubao wowote ulionao. Lowesha kwa maji, bandika msasa wa maji namba 220, laza mgongo wa patasi na usugue sentimita tatu za mbele tu, mbele na nyuma, bila kuinua mpini hata unywele. Baada ya dakika chache utaona alama zako zimeshika sehemu fulani na sehemu nyingine bado nyeusi. Endelea hadi weusi uishe kwenye ncha yote kutoka kona hadi kona. Hamia namba 400, halafu 800, halafu 1500 au 2000. Kazi hii inachosha, inaweza kula saa nzima kwa patasi iliyolala sana stoo. Lakini patasi hiyo hutaifanyia tena maisha yako.

Mteremko ni digrii 25, na huhitaji chombo cha kupimia digrii. Pima unene wa bapa, zidisha kwa 2.4, huo ndio urefu wa mteremko. Bapa la milimita 4 linataka mteremko wa milimita 9 na nusu hivi. Ukishaupata, inua mpini kidogo tu, unoe ncha peke yake kwa digrii 30 hivi kwenye msasa laini. Utajua umefika pale utakapopitisha kidole gumba kwenye mgongo kuelekea nje, kamwe si kando ya makali, ukahisi kijiuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili. Kijiuzi kikiwepo upana wote, geuza, laza mgongo kwenye msasa laini kabisa, vuta mara mbili tatu kitoke. Jaribu kwenye kichwa cha mbao laini, yaani pale nyuzi za mti zinapokukabili. Patasi butu huacha uso wenye vumbi na mashimo, patasi kali huacha uso unaong'aa kama umepakwa nta.

Kisu cha randa kinanolewa hivyo hivyo. Ila kabla hujapoteza jasho kwa randa, ikague mwili. Ule ni chuma cha kumimina, hakipindi, hupasuka. Tazama pembe za mdomo kisu kinapotokea na ubavu wa pande zote, kisha ininginize kwa kidole uigonge kwa kijiti. Ikilia, nzima. Ikitoa sauti ya chungu kilichopasuka, tafuta ufa. Randa yenye ufa mdomoni iache iwe kumbukumbu ya babu. Ikiwa nzima, hakikisha kile kifuniko kinachokaa juu ya kisu kinagusana nacho bila mwanya. Shikilia mkabala na taa, ukiona mwanga unapenya, maranda yatajisokota humo ndani na utadhani randa ni mbovu. Kifuniko hicho unakinyoosha kwa tupa dakika kumi.

Kuhusu kuzozana kwenu juu ya chuma cha zamani na kipya, kila upande una kweli yake nusu. Zamani pia waliuza takataka, ila takataka ya zamani imeshaoza na hatuioni. Chukua kona ya tupa kali uiburute kwa upole kwenye ncha ya patasi, sehemu isiyo ya maana. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu, kina maisha. Ikiuma na kuleta unga, ni laini, haidhuru kimeandikwa nini kwenye bapa. Fanya hivyo pia kwa ile ya buluu, uone tofauti kwa macho yako.

Msumeno. Utazame kwa kuupitisha jicho kwenye mstari wa meno kama unayelenga bunduki. Ukiwa umepinda kidogo kama upinde, unanyooka kwa mikono. Ukiwa na kunjo kali mahali pamoja, achana nao. Misumeno mingi ya sasa ina meno yenye ukingo mweusi au wa buluu iliyokoza. Hayo yamepashwa moto kwa makusudi yawe magumu kuliko tupa, hayanoleki, yakiisha yameisha. Usichanganye na buluu ya patasi yako, ile ni ya ajali. Wa babu bila shaka unanoleka. Tumia tupa ya pembetatu, kila jino lipate misukumo sawa na jirani yake, ukisukuma mbele tu. Tupa yoyote, mwanangu, hukata ikienda. Ukiiburuta kurudi unayala meno yake wewe mwenyewe. Na zitie mipini hizo tupa kabla ya kuzigusa, ule mkia wenye ncha ukikwama jino utaingia kiganjani.

Jiliwa lako halina ubovu wowote. Bolti zinazoingia mizunguko miwili na kugoma zinakwambia kwamba lugha ya nyuzi, ile mikato inayoizunguka bolti, ni nyingine. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vya pamoja vya nyuzi za bolti, vyenye pembe ya digrii 55, na viwanda vya Uingereza vikavishika kwa zaidi ya miaka mia. Bolti za milimita tunazozikuta leo zina pembe ya digrii 60. Bolti ya Whitworth ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, ya kisasa ya milimita 8 ni hiyohiyo ukiipima kwa macho. Lakini ya zamani uzi wake unapanda milimita 1.41 kila mzunguko, ya sasa 1.25. Mizunguko miwili zinavumiliana, wa tatu zinagombana. Ukilazimisha kwa spana utaharibu uzi ulio ndani ya jiliwa, na huo haununuliki. Ng'oa bolti nyingine iliyobaki upande wa pili wa taya, nenda nayo mkononi ukalinganishe nyuzi kwa nyuzi mbele ya taa. Ukikosa kabisa, na jiliwa lina nafasi, toboa tundu lipenye upande wa pili utumie bolti ndefu ya kisasa na nati yake.

Bisibisi nayo nadhani umeionea. Misalaba ipo zaidi ya mmoja. Upo wa Phillips na upo wa Pozidriv, na kwa haraka vinafanana. Tazama kichwa cha skrubu: ukiona, kati ya mikono minne ya msalaba, vimistari vinne vyembamba kama miale, hiyo ni Pozidriv, na bisibisi ya Phillips itapanda juu na kuruka kila mara, hata ingekuwa ya dhahabu. Linganisha pia namba. Skrubu nyingi za mbao za unene wa kawaida zinataka namba 2. Spana iliyotanuka mdomo haina utetezi, hiyo itupe.

Nyundo, najua watakwambia uiloweke kwenye ndoo. Maji huvimbisha mpini, kichwa kinakaza, na mbao ikikauka inakuwa imejiponda yenyewe ndani ya tundu na kucheza kuliko jana. Nilifanya hivyo ujanani, kichwa kikapita juu ya bega la mwenzangu. Chonga mpini upya au kata ncha iliyochakaa, ingiza kichwa, kisha shika nyundo ikining'inia kichwa chini na ugonge mkia wa mpini kwa kipande cha mbao. Utaona kichwa kinapanda chenyewe kuelekea juu ya mpini. Ndipo upige kabari ya mbao ngumu, yenye gundi kidogo, kwenye ule mpasuo wa ncha ya mpini.

Kwa rafu hii lakini utahitaji zaidi nyundo ya mbao, ya kugongea patasi, na hiyo uiunde. Tafuta kigogo cha mti mgumu, toboa tundu la mraba linalopanuka kidogo kwa juu, chonga mpini unaopanuka kwa kipimo hichohicho, uingize kwa juu. Ukiuzungusha, kichwa kinajikaza kwenye ncha nene na hakiwezi kuruka. Kazi ya mchana mmoja, na ni zoezi zuri la patasi mpya kabla hujaigusa mbao ya mtoto. Unda pia kibao cha kukatia: ubao wa urefu wa mkono, kijiti kimoja kimepigiliwa chini upande mmoja kishike ukingo wa meza, kingine juu upande wa pili kishike mbao. Dakika ishirini. Utashangaa msumeno unavyotulia.

Vibano usinunue bado. Kwa kuibana rafu, zungusha kamba imara mara mbili kwenye rafu nzima, weka vipande vya mbao kwenye kona ili kamba isizile, chomeka kijiti kati ya nyuzi mbili za kamba na ukisokote. Inakaza kuliko unavyodhani, kwa hiyo sokota taratibu ukitazama gundi inavyojitokeza. Gundi ikianza kutoka kama shanga ndogo ndogo, funga kijiti hapo.

Kitu cha kununua ni kimoja, skwea, na hata hiyo uijaribu kabla ya kuiamini. Ilaze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari kwa penseli kali. Igeuze upande wa pili, ianzie kwenye nukta ileile, chora tena. Mistari ikilala mmoja juu ya mwenzake, skwea ni ya kweli. Ikitengana, mwanya unaouona nchani ni kosa mara mbili. Chombo kinachojisema chenyewe namna hii ni nadra, kitumie hicho kipimo dukani mbele ya muuzaji bila haya.

Grinda usiitupe, inakata chuma vizuri ikiwa na diski yake na kinga yake. Na vile vipande 108, chagua tepu na bisibisi inayofaa, vingine rudisha sandukuni ulifunge.

Jumamosi hii, kabla ya kugusa hata siki, mwite binti yako asimame karibu na ukuta pale rafu itakapokaa. Mwambie anyooshe mkono juu bila kusimama kwa vidole, uweke alama ya penseli kwenye ncha ya vidole vyake. Mbao ya juu kabisa ikae chini ya alama hiyo kwa upana wa kitabu chake kikubwa. Atakuwa anarefuka, kwa hiyo andika na tarehe.

Mzee wa Karakana